Flashi haisomi? Usikimbilie fundi, wala fimbo

Ilikuwa Jumamosi, siku chache kabla dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu halijafungwa. Katika nyumba moja ya Uru, juu kidogo ya Moshi mjini, binti aliyemaliza kidato cha sita alichomeka flashi kwenye kompyuta mpakato ya familia. Hakuna kilichotokea. Akaichomoa, akaipuliza, akaigeuza, akaichomeka tena kwa nguvu zaidi. Kimya.

Ichukulie familia hii kama mfano, maana zipo nyingi za namna yake kuanzia Machame hadi Rombo. Ndani ya flashi hiyo kulikuwa na kurasa za fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, zikiwa zimeshasainiwa, zimeshagongwa mihuri na kupigwa skani kwenye steshenari mjini. Kilichobaki kilikuwa kuzipandisha kwenye mfumo kwa intaneti ya simu ya mama. Kama hazipandi, hakuna mkopo. Na kama hakuna mkopo, nyumba inayoishi kwa ndizi na ng'ombe wawili wa maziwa itaanza kuhesabu upya.

Mama aliuliza swali ambalo wazazi wengi huliuliza kwanza: "Nani amechezea hii kompyuta?"

Macho yote yakamwendea kijana wa darasa la tatu. Alikuwa ameshakatazwa kuigusa. Akapata viboko viwili kabla hajafungua mdomo, akaenda kukaa nyuma ya banda la ng'ombe. Baba naye akampigia fundi wa mjini. Fundi, bila kuiona kompyuta, akasema hiyo itakuwa mazabodi, wailete Jumatatu na Sh120,000 mkononi.

Jumapili baada ya ibada akaja shangazi, ambaye kazini kwake hushinda mbele ya kompyuta. Alipoelezwa hakuomba bisibisi. Aliuliza: "Wifi, mmejaribu upande wa pili?"

Hakuna aliyekuwa amejaribu.

Jaribio la kubadilishana

Tundu la USB likigoma, kuna mambo matatu yanayoweza kuwa na kosa: tundu lenyewe, kifaa kinachochomekwa, au kompyuta kwa ndani, yaani programu na umeme wake. Kosa la wengi ni kuamua ni lipi kabla ya kulitafuta. Kulitafuta hakuhitaji ufundi. Kunahitaji kifaa kimoja ambacho una hakika ni kizima, na mausi ya waya inafaa kuliko vyote kwa sababu mausi nyingi huwaka taa nyekundu chini.

Chomeka mausi kwenye tundu lenye shida. Kisha chukua kifaa chenye shida ukichomeke kwenye tundu jingine. Ni hivyo tu, lakini fanya yote mawili, usiishie nusu. Mausi ikifanya kazi kwenye tundu lile lile lililoikataa flashi, mashaka yanahamia kwenye flashi. Flashi ikisoma upande wa pili, basi flashi ni nzima na mashaka yamerudi kwenye tundu. Vifaa vyote vikikataliwa na matundu yote, uwezekano mkubwa ni kompyuta kwa ndani, na mara nyingi ni jambo la programu wala si chuma kilichovunjika.

Kuna jibu la nne linalowachanganya watu: taa inawaka lakini kompyuta haioni kitu. Tundu la USB la kawaida lina miguso minne midogo ya shaba. Miwili hupitisha umeme, miwili hupitisha data. Umeme ukipita na data isipite, taa itawaka na simu itachaji, lakini mafaili hayataonekana. Kabla hujalaumu kompyuta kwa hilo, angalia waya. Waya nyingi za bei rahisi zinazouzwa barabarani ni za kuchaji tu, hazina kabisa nyuzi za data ndani yake. Mzazi anaweza kupoteza siku nzima akitafuta ugonjwa wa kompyuta ilhali mgonjwa ni waya.

Diski kubwa ya nje nayo ina tabia yake. Tundu la aina ya zamani, USB 2.0, hutoa umeme wa volti 5 kwa nusu ampea tu. Aina ya USB 3.0, ambayo mara nyingi hutambulika kwa plastiki ya bluu ndani ya tundu, hutoa hadi ampea 0.9. Diski inayozunguka inaweza kukohoa na kuzima kwenye tundu la kwanza, ikafanya kazi vizuri kwenye la pili. Hapo hakuna kilichoharibika, ni njaa ya umeme.

Kule Uru, shangazi alichomeka mausi kwenye tundu la kushoto. Haikuwaka. Akaihamishia kulia, ikawaka. Kisha akachukua flashi yenyewe, akaichomeka kulia. Kurasa zote za fomu zikajitokeza kwenye skrini.

Ilikuwa imechukua dakika mbili. Binti alikaa chini.

Kijana alikuwa anajua

Kilichofuata ndicho kilichomnyamazisha mama. Shangazi alimwita yule kijana kutoka nyuma ya banda: "Njoo baba, wewe hukuona kama hili tundu limekufa?" Kijana akamwangalia mama yake kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba la kushoto lilikufa tangu wiki iliyopita, alipokuwa akichaji simu ya bibi kwa ule waya uliopinda. Yeye alikuwa anatumia la kulia kuangalia katuni.

Kwa hiyo katika nyumba nzima kulikuwa na mtu mmoja mwenye majibu yote: lini, kwa waya gani, tundu lipi bado linafanya kazi. Na ndiye pekee ambaye hakuulizwa. Angeulizwa Jumamosi kwa utulivu, fomu ingepanda Jumamosi.

Watoto ndio wanaovitumia vifaa vya nyumbani kwa saa nyingi zaidi, kwa ruhusa au kwa kuiba. Wao ndio wanaojua kwamba chaja inashika ukiibonyeza kidogo, kwamba chai ilimwagika siku ya wageni, kwamba flashi ya rafiki ilileta mambo ya ajabu. Taarifa hizo zina thamani ya fedha. Mtoto anayejua kwamba kusema ni kuchapwa atazificha, na baba ataenda kuzinunua kwa fundi. Swali linalofaa ni "mara ya mwisho kufanya kazi ilikuwa lini, na ulikuwa umechomeka nini?" Suala la kuvunja katazo linaweza kusubiri hadi kazi iishe.

Ule waya uliopinda nao ulieleza mengi. Kichwa cha waya kikipinda, miguso inaweza kugusana ndani ya tundu na umeme ukazidi. Kompyuta nyingi zimetengenezwa zijilinde: zikiona hivyo hukata umeme wa tundu hilo peke yake. Tundu linaonekana limekufa, kumbe limefungwa. Wakati mwingine hufunguka kwa kuwashwa upya tu.

Kuzima si kuwasha upya

Hapa watu husema, "Mbona tuliizima usiku kucha?" Kwenye Windows 8, 10 na 11, ukibofya 'Shut down', mara nyingi kompyuta haizimi kabisa. Huhifadhi sehemu ya hali yake ili asubuhi iwake haraka, na inaweza kuamka na kosa lile lile la jana. 'Restart' ndiyo inayoanza upya kweli. Kwa hiyo usihesabu kwamba umeshaiwasha upya kama hukubofya 'Restart'.

Ikishindikana, mwaga umeme uliobaki ndani. Zima kompyuta, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, toa betri kama ni ya kutoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Rudisha betri na chaja, uwashe. Inaonekana kama uganga, lakini inaondoa chaji iliyobaki kwenye saketi na kuzilazimisha zianze upya.

Bado? Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, au wa kibao cha kugusa, uchague 'Device Manager', halafu ufungue orodha iliyoandikwa 'Universal Serial Bus controllers'. Alama ya njano ya mshangao ni dalili kwamba programu ya kuendesha tundu ina shida. Bofya mstari huo kwa upande wa kulia, chagua 'Uninstall device', kisha 'Restart'. Windows itaiweka tena yenyewe. Usifanye hivyo kwa mistari isiyo na alama. Na kama tundu hufa baada ya kompyuta kukaa muda bila kutumika, fungua mistari ya 'USB Root Hub' mmoja mmoja, nenda 'Power Management', uondoe vema kwenye ruhusa ya kulizima ili kuokoa umeme. Hayo yatosha. Kuingia ndani zaidi ya hapo bila kujua ni kutafuta tatizo la pili.

Vumbi la chini, ukungu wa juu

Kompyuta ya mkoa huu huishi katika hali mbili za hewa. Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Kiangazi, tambarare ya kuelekea TPC, Pasua na Boma Ng'ombe hutoa vumbi laini linaloingia hata kwenye begi lililofungwa. Huko juu ni ukungu na unyevu, na jikoni kwa kuni hutoa masizi yenye mafuta yanayonata.

Kompyuta iliyolala kwenye baridi ya kijijini na kuteremshwa hadi chumba chenye joto mjini inaweza kutoa jasho kwa ndani, kama glasi ya maji baridi inavyofanya mezani. Usiiwashe palepale. Iache ndani ya begi lake nusu saa au zaidi, ifikie joto la chumba. Wanaopanda na kushuka kila wikendi, na wale wanaokuja Krismasi na kompyuta za ofisini, wangefanya vyema kulikumbuka hili.

Kusafisha tundu kunataka mkono wa taratibu. Zima kompyuta, chomoa chaja, kisha mulika kwa tochi ya simu. Utakachokiona mara nyingi ni vumbi lililoshindiliwa kwa kuchomekachomeka, nyuzi za nguo kutoka kwenye begi, pengine sisimizi. Tumia brashi ndogo kavu yenye nywele laini, au kijiti cha mti cha kuchokolea meno, ukitoa uchafu kuelekea nje. Usitumie sindano, pini wala ncha ya kisu. Ile miguso ya shaba ni myembamba na ikipinda umetengeneza gharama. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina mate na mvuke. Mafuta ya taa na petroli visikaribie kabisa. Hata spiriti ya duka la dawa mara nyingi imechanganywa na maji, kwa hiyo kama huna hakika nayo, brashi kavu inatosha.

Ukimulika, angalia pia ule ulimi wa plastiki katikati ya tundu. Ukiwa umevunjika au umeinama, au tundu zima likicheza ukiligusa, usiendelee kuchomeka. Hapo ni kazi ya fundi kweli.

Matundu huchakaa, na hilo halina mkosaji. Tundu la USB la kawaida, lile la pembe nne, hupimwa kwa viwango vya kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500. Ile aina mpya ndogo yenye umbo la yai, USB-C, iliyotangazwa mwaka 2014, hupimwa kwa mara 10,000. Hiyo haina maana kwamba siku ya mara ya 1,501 tundu hufa, lakini piga hesabu: mtoto anayechomeka flashi mara tano kwa siku hufika 1,500 ndani ya siku 300. Kama kompyuta ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na nyingi za mjini ni hizo, mmiliki wa kwanza alishakula sehemu kubwa ya hesabu hiyo.

Faili kwanza, tundu baadaye

Kuna ujumbe mmoja ambao kila mzazi anapaswa kuufahamu. Ukichomeka flashi na kompyuta ikakuambia kwamba lazima uifomati kabla ya kuitumia, usikubali. Ujumbe huo unaweza kuletwa na tundu linalocheza au flashi inayochoka, na kufomati hufuta orodha ya mafaili. Bonyeza 'Cancel', jaribu tundu jingine, jaribu kompyuta nyingine. Na ukiona mafaili yote yamegeuka kuwa njia za mkato zenye mshale mdogo, hicho ni kirusi, aghalabu kutoka kwenye kompyuta inayochomekwa flashi za watu mia kwa siku. Tundu lako halihusiki.

Kama matundu yote yamegoma na tarehe ya mwisho inakaribia, faili linaweza kupita njia nyingine. Simu nyingi za Android husoma flashi kwa kutumia kiunganishi kidogo cha OTG kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Kutoka kwenye simu faili linaweza kupanda moja kwa moja kwenye mfumo, au kutumwa kwa barua pepe na kufunguliwa kwenye kompyuta ile ile iliyokataa flashi. Na unapopiga skani fomu yoyote ya mtoto, mwombe mtu wa steshenari aitume pia kwenye barua pepe yako. Flashi moja si mahali pa kuweka maisha ya mtu.

Ukifika kwa fundi

Yapo mambo yasiyojaribiwa nyumbani. Harufu ya kuungua, tundu linalopata moto mkali, chaja inayotoa cheche, au kompyuta iliyomwagikiwa chai au maziwa: chomoa kwenye umeme mara moja, izime, usiiwashe kuona kama bado ni nzima. Tundu la chaji lililolegea nalo lisivumiliwe kwa kuwekewa kitabu chini ya waya, kama inavyofanyika sana, kwa sababu kila cheche ndogo inalichoma zaidi. Umeme ukikatika, chomoa chaja, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuichomeka.

Kwa fundi, swali la kuuliza ni hili: tundu hili limekaa kwenye ubao mkuu, au kwenye kibao chake kidogo? Kompyuta nyingi zina matundu ya upande mmoja kwenye kibao cha pembeni kilichounganishwa kwa utepe mwembamba wa waya. Upande mmoja ukifa wote na wa pili ukabaki mzima, mara nyingi kosa ni utepe uliochomoka au kibao hicho, ambacho hubadilishwa bila kugusa ubao mkuu. Fundi mzuri, na Moshi inao, atalijibu swali hilo baada ya kuifungua mbele yako. Anayetaja mazabodi na bei kwa simu bado hajaiona kompyuta. Mwambie pia uliyojaribu na yaliyotokea. Unampunguzia kazi, na anajua anazungumza na mtu aliyekwisha kuangalia. Kabla ya kuiacha kwake, hamisha picha za familia na nyaraka, na uondoe akaunti zilizo wazi.

Familia ya Uru haikufika huko. Fomu ilipanda Jumapili hiyo saa kumi jioni kwa tundu la kulia. Kisha shangazi akamkabidhi kijana tochi, wakalisafisha la kushoto kwa brashi ya rangi ya maji ya shuleni, wakabofya 'Restart'. Mausi ikawaka. Flashi, hata hivyo, ilikuwa ikisoma na kupotea, ishara kwamba miguso imeshachoka.

Baba akampigia fundi kumwambia wasisubiriane Jumatatu. Mama hakusema neno kuhusu viboko vile, ila jioni alimmiminia kijana maziwa kabla ya wengine. Pembeni mwa lile tundu kuna plasta nyeupe hadi leo, imeandikwa kwa mkono wa mtoto wa darasa la tatu: MAUSI TU.